"Ni Dawa Ile Ile" Si Jibu la Kutosha

Katika sarufi ya Kiswahili, kiashiria kikirudiwa hubeba uzito wa kiapo. Mtu anapotaja "nyumba ile ile", "mwizi yule yule" au "bei ile ile", huwa anafunga mlango wa swali. Humwambia msikilizaji kwamba hakuna tofauti yoyote, na kwamba anayeendelea kuuliza anasumbua bure. Nimelifundisha jambo hili katika madarasa ya isimu kwa miaka kadhaa, na kila mwaka wanafunzi huniletea mifano kemkem kutoka sokoni, matatuni na majumbani mwao.

Mfano unaonikera kuliko yote unatoka kwenye dirisha la dawa. Mgonjwa aliyezoea pakiti ya rangi fulani anapewa pakiti ya rangi nyingine, yenye jina jingine, iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Anapouliza kulikoni, hujibiwa kwa maneno matatu: "Ni ile ile." Kwa dawa nyingi jibu hilo halina hatari kubwa. Kwa baadhi ya dawa ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoumiza.

Nitatumia mfano wa vidonge vya tezi ya thairoidi. Tezi hii, yenye umbo la kipepeo, imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Homoni zake ndizo zinazoamua kasi ya shughuli za mwili. Zikipungua, mtu huchoka bila kazi, huona baridi ilhali wenzake wanatoka jasho, hunenepa, hufunga choo na ngozi humkauka. Zikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi huruka na mwili hukonda. Yule ambaye tezi yake imelegea, au imeondolewa kwa upasuaji, hupewa kidonge cha levothairoksini, ambayo ni homoni hiyo iliyotengenezwa kiwandani. Hukimeza kila asubuhi, aghalabu kwa maisha yake yote.

Kipimo cha dawa hii huandikwa kwa mikrogramu: 25, 50, 100. Mikrogramu 1,000 ndizo zinazofanya miligramu moja. Pengo kati ya kipimo kinachotosha na kile kinachozidi ni jembamba, na hiyo ndiyo sababu daktari humpima mgonjwa damu kabla ya kuthubutu kuongeza au kupunguza. Kwa mgonjwa wa namna hii, badiliko linaloonekana dogo kwa muuzaji laweza kuwa kubwa mno mwilini.

Tuangalie yaliyotokea Ufaransa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa thairoidi nchini humo, wapatao milioni 3, walitegemea karibu wote dawa moja iitwayo Levothyrox, ya kampuni ya Merck. Mnamo 2012 mamlaka ya dawa ya Ufaransa iliitaka kampuni hiyo irekebishe fomula, ili kiwango cha homoni kidongeni kisiyumbe dawa inapokaa. Nia ilikuwa njema. Fomula mpya iliingia madukani Machi 2017. Homoni yenyewe haikuguswa. Vilivyobadilishwa ni viambato visaidizi, yaani vile vitu vinavyoshikanisha kidonge na kukipa umbo. Laktosi iliondolewa, na mahali pake pakatiwa manitoli na asidi ya sitriki. Jina likabaki lile lile.

Madaktari na wafamasia waliandikiwa barua. Mgonjwa aliachwa ajulishwe nao, iwapo wangekumbuka. Haikupita miezi mingi, malalamiko yakaanza kumiminika: uchovu, maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kukosa usingizi, maumivu ya misuli, kunyonyoka nywele. Wengi wa waliolalamika hawakujua kwamba dawa yao imebadilishwa; walidhani wamezeeka ghafla au wameingiwa na maradhi mengine. Ombi la kutaka fomula ya zamani irejeshwe lilitiwa sahihi na zaidi ya watu 300,000. Oktoba 2017 serikali iliruhusu fomula hiyo iagizwe tena kwa muda, kutoka Ujerumani, kwa jina la Euthyrox. Kufikia mwaka uliofuata, taarifa za athari mbaya zilizoifikia mamlaka ya dawa zilikuwa zimepita 30,000.

Je, wagonjwa hao walikuwa wakijidanganya? Majibu ya wanasayansi hayakufanana. Mwaka 2019 uchunguzi wa mamlaka hiyo, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya milioni 2, haukuona ongezeko la maradhi mazito wala la vifo, lakini ulionyesha kwamba waliohamishiwa fomula mpya walienda kwa daktari mara nyingi zaidi. Mwaka huo huo watafiti wengine waliyarudia mahesabu ya jaribio la kampuni yenyewe, lililofanyiwa watu 204 wenye afya njema. Walisema kwamba wastani wa kundi zima ulikubaliana vizuri, lakini mtu mmoja mmoja alipotazamwa, zaidi ya nusu walikuwa nje ya mipaka iliyowekwa. Hesabu hizo zilipingwa, na mjadala ukawa mkali. Hata hivyo, funzo moja ni wazi kwa yeyote: wastani wa watu 204 hauwezi kumwambia mgonjwa aliyekaa kitandani kwake saa tisa usiku, akisikiliza moyo wake ukipiga, kwamba hana haja ya kuuliza.

Kisha mambo yakafika mahakamani. Machi 2019 mahakama ya mwanzo jijini Lyon iliwatupilia mbali walalamishi. Juni 2020 mahakama ya rufaa ya jiji hilo hilo ikageuza uamuzi na kuiamuru kampuni kuwalipa walalamishi zaidi ya 3,300 euro 1,000 kila mmoja. Machi 2022 mahakama ya juu kabisa ya kesi za madai ikaunga mkono uamuzi huo. Zingatia, msomaji, msingi wa hukumu. Mahakama haikusema kwamba kidonge kilikuwa na sumu. Ilisema kwamba mgonjwa hakuelezwa. Kwamba pakiti na kikaratasi chake havikumwonyesha waziwazi kuwa fomula imebadilika. Ufaransa, nchi ambamo pakiti huandikwa kwa lugha ya anayeitumia, ilikuta kwamba hata hapo maelezo hayakutosha.

Sembuse sisi!

Hapa kwetu tatizo huja likiwa limegeuzwa kichwa chini. Huko Ufaransa jina lilikuwa moja na vitu viwili. Hapa Kenya mgonjwa hukutana na majina mawili, rangi mbili na kampuni mbili, kisha huambiwa kwamba kitu ni kimoja. Katika hali zote mbili, uhusiano kati ya jina na kitu umevurugwa, na anayelipia ni yule asiyeshirikishwa katika kuuvuruga.

Nitatoa ushahidi kutoka nyumbani. Nina shangazi aliyepita umri wa miaka 70, ambaye amekuwa akimeza vidonge hivi tangu alipofanyiwa upasuaji wa rovu. Kusoma anajua, tena Kiswahili chake kingeweza kumfundisha mhadhiri, Kiingereza hakijui. Siku moja alienda kuchukua dawa katika hospitali ambayo sitaitaja, akiwa bado na akiba ya majuma matatu nyumbani. Alipewa pakiti ngeni. Alipouliza, kijana wa dirishani alimjibu kwa upole, "Ni ile ile tu, mama." Tangu siku hiyo shangazi akawa anameza kidonge kimoja cha pakiti ya zamani na kimoja cha pakiti mpya kila asubuhi. Juma la tatu moyo ulikuwa ukimwenda mbio hata akiwa ameketi, na usingizi ulikuwa umemhama. Damu ilipopimwa, homoni zilikuwa zimezidi.

Nilipomuuliza kwa nini alimeza dawa zote mbili, alinijibu hivi: "Mwanangu, aliposema ni ile ile, nilifahamu ni ya maradhi yale yale. Nikajua daktari ameniongezea."

Sijapata kusikia uchanganuzi wa lugha ulio safi kuliko huo. Shangazi aliona majina mawili, akahitimisha kwamba kuna vitu viwili; ndivyo lugha inavyotufundisha sote. Akasikia "ile ile", akaitafutia maana inayopatana na alichokiona kwa macho. Mantiki yake haikuwa na dosari. Ujumbe aliopewa ndio uliokuwa na dosari.

Nilikifungua kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya pakiti mpya. Kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu, na herufi zake ndogo kama sisimizi. Kiingereza chake kilinitoa jasho mimi niliyeandika tasnifu ya uzamifu kwa lugha hiyo. Neno la Kiswahili halikuwamo hata moja. Nikajiuliza: maelezo haya aliandikiwa nani? Hakuandikiwa mgonjwa, kwa maana hawezi kuyasoma. Mfamasia naye anayo elimu hiyo tangu chuoni. Nakhofia kwamba yaliandikwa ili siku ya kesi pawe na karatasi ya kuonyesha.

Wapo watakaosema kwamba nachochea hofu. Watanikumbusha yaliyotokea New Zealand mwaka 2007, wakati kampuni ya GlaxoSmithKline ilipohamisha utengenezaji wa dawa ya Eltroxin kutoka Canada hadi Ujerumani. Homoni ilikuwa ile ile kwa kiwango kile kile, lakini vidonge vilibadilika sura na ladha. Katika miaka 30 iliyotangulia, taarifa za athari mbaya za dawa hiyo zilikuwa 14 tu nchini humo. Katika miezi 18 iliyofuata badiliko hilo, taarifa zilipita 1,400. Watafiti waliochunguza mkasa huo walionyesha kwamba magazeti na televisheni vilichangia sana. Kadiri habari zilivyotangazwa, ndivyo taarifa zilivyoongezeka. Basi, husema hao, afadhali kunyamaza, maana mgonjwa akielezwa athari ataanza kuzihisi.

Hoja hiyo naiheshimu, lakini nadhani imeanza kuhesabu kati. Wagonjwa wa New Zealand waliviona vidonge vyao vimebadilika kabla ya kuelezwa vya kutosha kwa nini. Pengo la maelezo halikai tupu; asipolijaza mfamasia, litajazwa na jirani, na uvumi, na simu ya mkononi. Anayejua mapema kwamba kidonge kitabadilika sura, kwamba homoni ndani yake haikubadilika, na kwamba atapimwa damu baada ya majuma kadhaa, ana sababu chache za kuogopa. Hofu hukua mahali ambapo mtu amekwisha kuona tofauti kwa macho yake, kisha akaambiwa haipo.

Wapo pia watakaosema kwamba kubadilisha chapa ni lazima, kwa kuwa dawa nafuu ndizo zinazowafikia wanyonge. Katika hilo tunakubaliana kabisa. Sidai kila mgonjwa apewe dawa ya bei ghali, wala sisemi kwamba chapa nafuu ni duni. Mgonjwa aliyehamishwa kutoka chapa moja hadi nyingine kwa maelezo na kwa vipimo anaweza kuishi miaka mingi bila shida. Ninachopinga ni kuhamishwa gizani.

Hoja ya mwisho ndiyo inayonigusa kitaaluma. Husemwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuelezea mambo haya. La hasha! Msomaji na ajihukumie mwenyewe: "Mama, homoni iliyomo ni ile ile, lakini kampuni imebadilika na vitu vingine vilivyomo si vile vya zamani. Ukianza pakiti hii, usimeze tena ile nyingine. Baada ya majuma 6 hadi 8 rudi upimwe damu. Moyo ukienda mbio, usingizi ukikosekana au uchovu ukizidi, usingoje, rudi mapema." Ni sentensi nne. Hazichukui hata dakika moja, na hakuna ndani yake neno ambalo shangazi yangu angehitaji kamusi kulielewa.

Muda huo wa majuma 6 hadi 8 haukuokotwa njiani. Homoni hii hutoka mwilini polepole; nusu ya kiasi kilichomo huchukua takriban siku 7 kwisha. Kwa hiyo mwili huhitaji majuma kadhaa kabla ya kutulia katika kiwango kipya, na anayepimwa siku tatu baada ya kubadilishiwa pakiti hupata jibu la pakiti iliyokwisha. Mambo kama haya mgonjwa akielezwa, hugeuka kuwa mshirika wa daktari wake badala ya kuwa abiria.

Nakiri kwamba ipo kazi ya kuyapembua baadhi ya maneno, na kazi hiyo ni yetu sisi wanaisimu. Kwa mfano, wengi huyaita mambo haya "madhara ya dawa". Neno "madhara" linahukumu kabla ya ushahidi. Anayelisikia huona tayari ameumizwa. "Athari" ni neno pana zaidi: yaweza kuwa njema, yaweza kuwa mbaya, yaweza kuwa ya kupita. Mfamasia anayechagua neno moja badala ya jingine anaamua kiasi gani cha woga mgonjwa atakwenda nacho nyumbani. Vyuo vyetu vikuu vina idara za Kiswahili na vina vitivo vya famasia, mara nyingi katika uwanja mmoja. Ni ajabu iliyoje kwamba idara hizo hukutana tu kwenye mahafali!

Sheria haina upungufu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa hiyo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu wa afya, pale inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kujua kusoma. Haya yote yamekwisha kuandikwa. Kilichobaki ni kuyashusha kutoka rafuni hadi dirishani.

Kwa hiyo naiomba Bodi ya Famasia na Sumu ifanye mambo mawili. Kwanza, kwa dawa ambazo kipimo chake hakina nafasi ya kuyumba, kama hii ya thairoidi, iagize kwamba kila badiliko la chapa au la fomula litangazwe kwa mgonjwa mwenyewe, kwa mdomo na kwa karatasi fupi ya Kiswahili yenye herufi zinazosomeka. Pili, iwatangazie wananchi kwa sauti kubwa zaidi kwamba taarifa za athari mbaya za dawa haziletwi na madaktari pekee. Mgonjwa naye anaweza kuripoti kwa Bodi. Haki ambayo mwenyewe haijui ni kama shamba ambalo mrithi hajaonyeshwa mpaka wake.

Nawe msomaji unayetumia vidonge hivi, au uliye na mzazi anayevitumia, usitupe dawa kwa sababu ya niliyoyaandika. Kuacha ghafla na kukaa bila dawa ni hatari kuliko kubadilisha chapa. Endelea kumeza kama ulivyoagizwa: asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya staftahi, na mbali kwa saa 4 na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu. Nenda dukani na pakiti yako ya zamani. Ukipewa nyingine, zilinganishe palepale, jina kwa jina na mikrogramu kwa mikrogramu. Ukiambiwa ni ile ile, uliza kwa adabu: ile ile katika nini? Katika homoni, katika kipimo, au katika kila kitu? Swali hilo si utovu wa heshima.

Mgonjwa wa Ufaransa alihitaji mahakama tatu na miaka 5 ili athibitishiwe kwamba alistahili kuelezwa. Mgonjwa wa Kenya anaomba dakika moja ya mfamasia.